Bahati, Ustadi na Hofu: Sifa ni ya Nani?

Tuseme vijana wawili wanatoka usiku katika chumba cha video mjini. Wote wawili wamecheza mchezo uleule wa kutisha, mbele ya kioo kilekile. Wa kwanza amefaulu kutoka katika nyumba ya giza akiwa mzima. Wa pili amekamatwa hatua chache mbele ya mlango. Njiani wa kwanza anajisifu: "Mimi ni fundi. Wewe hujui kucheza." Wa pili anakasirika na kujibu: "Ufundi gani? Ulipata bahati tu. Lile zimwi lilipita kushoto kwako. Kwangu mimi lilinijia usoni." Wanabishana hata njia panda, kisha wanaachana bila kuagana.

Mtu mzima akiwasikia huenda akacheka, akasema: Ni ugomvi wa watoto. Lakini tusicheke upesi. Ugomvi wao ni mdogo, swali lao ni kubwa, nasi wenyewe twaliuliza kila siku kwa maneno mengine. Shamba la huyu limezaa, la jirani yake limekauka: je, ni kazi ama ni bahati? Mtoto wa huyu amepona, wa yule amekufa: je, yuko wa kusifiwa, na yuko wa kulaumiwa? Jambo likimwendea mtu vema au vibaya, ni sehemu gani iliyo yake mwenyewe?

Basi tulichunguze swali hilo polepole, kwa njia ya michezo ile ya vijana. Katika maisha sababu za mambo ni nyingi, tena zimefichika. Katika mchezo ni chache, na aliyeutengeneza anazijua zote.

I. MAANA YA MANENO

Mchezo wa video wa kutisha ni nini? Ni picha ziendazo juu ya kioo zikiongozwa na kompyuta. Mchezaji hushika vitufe mkononi, na kwa vitufe hivyo humwongoza mtu wa picha katika mahali pa hatari: nyumba iliyoachwa, msitu wa usiku, hospitali isiyo na wagonjwa. Sinema hukuonyesha hofu ya mtu mwingine. Mchezo hukuambia: Wewe ndiwe uliye gizani, utafanya nini?

Ustadi ni nini? Ni uwezo alioupata mtu kwa kujifunza, kwa kuangalia na kwa kurudia tendo mara nyingi, hata mkono na akili vikalizoea.

Bahati ni nini? Ni jambo linalompata mtu bila yeye kulikusudia, wala kuwa na nguvu ya kuliamuru. Aristotle, mwenye hekima wa Wayunani, aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristu, alitoa mfano ambao kila mkulima ataufahamu. Mtu anachimba shimo apate kupanda mti, naye anakuta hazina ndani ya udongo. Kuchimba alikusudia, hazina hakuikusudia. Shimo ni kazi yake, hazina ni bahati yake.

Angalieni vizuri mfano huu. Kama asingechimba, asingaliona kitu. Lakini jirani yake naye alichimba shimo la kina kilekile, kwa jasho lilelile, akakuta mawe. Kazi na bahati hukutana mahali pamoja, wala si rahisi kuzitenga. Ndiyo sababu vijana wetu wawili walibishana hata njia panda.

II. NYUMBA ILIYOPANGWA

Mwaka 1996, kampuni ya Capcom ya nchi ya Japani ilitoa mchezo uitwao Resident Evil. Kiongozi wa watengenezaji wake alikuwa Shinji Mikami. Katika mchezo huo mtu anaingia katika jumba kubwa lililomo msituni, nalo limejaa maiti zinazotembea. Mchezaji huchagua mtu wa kumwongoza: akimchagua Chris, aweza kuchukua vitu 6 tu, akimchagua Jill, vitu 8. Risasi ni chache. Dawa za kutibu majeraha ni chache. Hata kuweka akiba ya safari, ili ukifa usirudie mwanzo, kunataka utepe wa wino kwa ajili ya mashini ya kuandikia, na tepe hizo nazo zina hesabu yake.

Katika jumba lile karibu kila jambo limepangwa. Maiti hii inangoja nyuma ya mlango huu. Mbwa wale wataruka dirishani katika ujia ule. Anayeingia mara ya kwanza hajui, kwa hiyo huogopa, hupiga risasi ovyo, hukimbia chumba hadi chumba, na mwishoni hujikuta mikono mitupu mbele ya adui mkubwa. Akifa analia: Sina bahati! Kumbe bahati haikuwamo. Alizimaliza risasi zake mwenyewe katika saa ya kwanza.

Anayerudi mara ya tano ni mtu mwingine. Anajua ni adui gani wa kupigana naye na ni yupi wa kumwepuka. Anaweka vitu vyake katika sanduku la akiba kama mama wa nyumba mwenye busara awekavyo mbegu, asile zote wakati wa njaa. Wako waliofika mwisho kwa kisu peke yake. Na aliyelimaliza jumba lile katika muda usiofika saa 3 alizawadiwa silaha isiyokwisha risasi. Haba na haba hujaza kibaba: hapa sifa ni ya ustadi, na lawama ni ya uvivu wa kujifunza.

Lakini tazameni jambo la pili. Mtu yule wa mara ya tano haogopi tena. Anajua mbwa wataruka, naye amekwisha geuka kuwangoja. Jumba limekuwa kwake kama njia ya kwenda kisimani. Ustadi umeua hofu. Na mchezo wa kutisha usiotisha umepoteza jina lake. Hivyo watengenezaji walijiuliza: Tufanye nini ili hata fundi aogope?

III. MNYAMA ASIYE NA NJIA

Jibu moja lilitoka Uingereza mwaka 2014, katika mchezo uitwao Alien: Isolation, uliotengenezwa na kampuni ya Creative Assembly. Mchezaji anamwongoza mwanamke, jina lake Amanda Ripley, anayetafuta habari za mama yake katika kituo kikubwa kinachoelea katika anga za mbali. Ndani ya kituo yumo mnyama mmoja wa kutisha. Hakuna silaha iwezayo kumwua. Moto humfukuza kwa muda, lakini akifukuzwa kwa moto mara nyingi, huuzoea.

Mnyama huyu hakuwekewa njia moja ya kupita kila siku. Watengenezaji walimpa kama akili mbili. Akili ya juu hujua daima mchezaji yuko wapi, nayo humwelekeza mnyama upande fulani tu, bila kumwambia mahali penyewe. Akili ya chini ni ya mnyama mwenyewe: husikiliza vishindo, hutazama mwanga, hupekua chumba kwa chumba. Kwa hiyo aliyekufa hapa jana hawezi kusema: Leo najua, atakuja kwa mlango huu. Huenda akaja, huenda asije.

Je, katika mchezo wa namna hii ustadi umekwisha? Hata kidogo. Umebadilika tu. Katika jumba lililopangwa ustadi ulikuwa kukumbuka. Hapa ustadi ni busara. Mwenye busara hatembei kwa haraka palipo kimya. Anachungulia mahali pa kujificha kabla hajahitaji kujificha. Anacho chombo cha kumwonyesha mahali mnyama alipo, lakini anajua kwamba sauti ya chombo hicho yaweza kusikiwa na mnyama aliye karibu, basi anakitumia kwa kiasi. Mnyama akipita mbele ya kabati alimojificha, huzuia pumzi yake.

Naye pia aweza kufa. Alifanya yote yapasayo, na mnyama akageuka upande wake. Mwingine alikimbia kwa kelele kama mlevi, na mnyama akaenda upande mwingine. Hapa ndipo swali letu linapoanza kuuma. Mwenye busara amekufa, mpumbavu amepona. Tutamsifu nani?

Kabla ya kujibu, tuseme neno juu ya bahati ya mashini, maana wengine hudhani kwamba ndani ya kompyuta imo roho inayowapenda hawa na kuwachukia wale. Kompyuta haina mkono wa kurusha kete, wala haina moyo wa kupenda. Hufanya hesabu. Huanza na namba moja, ambayo mara nyingi imetokana na saa yake, huizidisha na kuigawanya kwa kanuni iliyoandikwa, na hutoa namba nyingi ambazo jicho la mtu halioni mpango wake. Anayeijua namba ya kwanza pamoja na kanuni aweza kutabiri zote zinazofuata, na wako wachezaji waliojifunza kufanya hivyo. Basi linaloitwa bahati katika mashini ni hesabu tusiyoiona. Haikukusudia kukupendelea, wala haikukusudia kukuonea.

IV. NNE KATIKA MIA

Sasa tutazame mchezo wa tatu, kwa sababu ndani yake bahati na ustadi vimewekwa bega kwa bega. Unaitwa Dead by Daylight. Ulitolewa mwaka 2016 na kampuni ya Behaviour Interactive ya mji wa Montréal, nchini Kanada. Watu watano hucheza pamoja, kila mtu kwa mashini yake. Mmoja ni mwindaji. Wanne ni wawindwa. Wawindwa wanapaswa kutengeneza jenereta 5 za umeme ndipo malango yapate kufunguliwa.

Kazi ya kutengeneza jenereta ni ya ustadi. Mara kwa mara kwenye kioo hutokea duara, na ndani yake mshale unaozunguka mbio. Inakupasa kubonyeza kitufe mshale unapopita katika sehemu ndogo iliyotiwa alama. Ukiwahi, kazi inaendelea. Ukikosa, jenereta hupasuka kwa kishindo, sehemu ya kazi hupotea, na mwindaji husikia ulipo. Hapa hakuna wa kusingizia: jicho ni lako, kidole ni chako.

Mwindaji akimkamata mtu, humtundika kwenye kulabu ya chuma. Aliyetundikwa alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kungoja mwenzake aje kumtoa. Ya pili ilikuwa kujaribu kujinasua mwenyewe. Na kwa miaka mingi kanuni ya mchezo ilikuwa hii: kila jaribio lilikuwa na nafasi 4 katika 100, na majaribio yalikuwa 3. Tena kila jaribio lililoshindwa lilipunguza muda wake wa kungoja.

Tufanye hesabu. Hesabu ya bahati ni elimu ya kweli. Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliijengea msingi katika barua walizoandikiana mwaka 1654 juu ya mchezo wa fedha uliokatizwa kabla ya kwisha. Watu 100 wakijaribu mara moja, tutazamie kwamba 4 watafaulu na 96 watashindwa. Na kila mmoja akijaribu mara zote 3, watakaofaulu ni kama 11 au 12. Wengine 88 watabaki kwenye kulabu, na muda wao umepungua.

Fikirini sasa juu ya mwenzake. Ameacha jenereta yake, anatambaa majanini, anajihatarisha ili aje kumwokoa ndugu yake. Yule aliyetundikwa hana subira. Anajaribu bahati mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Mwenzake anafika, na muda umekwisha. Nani amemwua? Bahati? Hapana. Bahati ilitoa ahadi ndogo, nayo ilisema wazi ni ndogo kiasi gani. Aliyeacha tumaini la kweli, yaani rafiki anayekuja, akashika tumaini la nne katika mia, alichagua mwenyewe. Kuiamini bahati ni tendo la mtu, hata kama matokeo ya bahati si tendo lake. Na tendo hilo laweza kuwa kosa juu ya mwenzake.

Lakini tusihukumu upesi. Pengine wenzake wote wamekwisha kufa, hakuna tena anayekuja. Hapo kujaribu nne katika mia si upumbavu. Ni ushujaa wa mwisho. Jaribio ni lilelile, namba ni ileile, lakini tendo limekuwa zuri badala ya baya. Basi wema wa tendo haukutegemea kama kulabu ilifunguka au haikufunguka. Ulitegemea mambo aliyoyajua yule mtu, mambo aliyokuwa nayo mkononi, na watu aliowajibika kwao.

V. HUKUMU ILIYO YA HAKI

Mwaka 1976, wanafilosofia wawili, Mwingereza Bernard Williams na Mwamerika Thomas Nagel, waliijadili shida hii. Nagel alitoa mfano wa dereva wa lori asiyeangalia breki zake. Tuufikirie mfano huo kwa madereva wawili. Wote wawili ni wazembe sawasawa. Mbele ya lori la kwanza mtoto anakimbilia barabarani, naye anagongwa na kufa. Mbele ya lori la pili hapiti mtu. Wa kwanza twamwita mwuaji. Wa pili anafika nyumbani, anakula chakula chake, analala. Uzembe ni mmoja. Tofauti yao ni mtoto tu, na kuja kwake hakukuwa katika uwezo wa dereva yeyote. Je, hukumu yetu ni ya haki?

Wengine hujibu: Ni haki, maana mtoto amekufa kwelikweli. Ndiyo, amekufa, na aliyemwua anapaswa kulia, kufidia na kubeba mzigo ambao wa pili haubebi. Jambo hilo hatuwezi kulifuta. Lakini hatia ya moyoni, ile iliyo ya uzembe, ni ya wote wawili. Dereva wa pili asiseme: Mimi ni mwema. Aseme: Mimi nami ni mzembe; nimeponyoka. Na kesho aangalie breki zake.

Vivyo hivyo mpumbavu aliyekimbia kwa kelele katika kile kituo cha angani, akapona. Hakucheza vema, ameponyoka. Akidhani kwamba kuponyoka ni ustadi, atafanya vilevile kesho. Bahati njema ina sumu hii: humfundisha mtu kosa lake kana kwamba ni hekima. Na bahati mbaya nayo ina sumu yake: humfanya mwenye busara aone busara yake haina faida, akaiacha.

Tiba ya sumu hizi mbili ni swali moja. Usiulize kwanza: Mwisho ulikuwaje? Uliza: Kabla ya kujua mwisho, nilifanya lililonipasa? Risasi zangu nilizitunza? Mahali pa kujificha nilipatazama mapema? Mwenzangu nilimngoja? Yaliyo kabla ni yangu. Yaliyo baada mara nyingi si yangu peke yangu.

Hapa mtu mwenye akili aweza kunipinga: "Hata ustadi wenyewe ni bahati. Kijana wa kwanza ni fundi kwa sababu kaka yake alimfundisha, na baba yake alimpa fedha za kuchezea. Yule wa pili anacheza mara moja kwa mwezi." Neno hilo ni kweli, na linapasa kutuvunja kiburi. Aliye fundi amepewa mengi asiyoyaomba: macho mazima, mwalimu, nafasi, siku za amani. Hata hivyo kupewa jembe si kulima. Wako waliopewa vyote wakalala, na wako waliopewa kidogo wakakitumia chote. Kwa hiyo tusipime watu kwa mahali walipofika tu, bali pia kwa mahali walipoanzia. Mtu hujisifu kwa haki katika jambo moja dogo: kwamba alichopewa hakukitupa.

VI. TUSIMTAFUTE MCHAWI

Ndugu wapenzi, huenda mmojawenu anasema: Michezo ile ni ya watu wa mjini, inatuhusu nini? Inatuhusu sana. Hofu ya gizani tunayo sisi wote, na hofu haipendi kusikia neno hili: imetokea tu. Mtu aliyeogopa anataka mwenye kosa. Katika mchezo kijana huitupa mashini, humtukana mwenzake, husema amefanyiwa hila. Katika kijiji ni vibaya zaidi. Radi imepiga nyumba, mtoto mchanga amefariki, biashara imeanguka. Na kabla machozi hayajakauka, watu wameanza kunong'ona: Ni nani aliyefanya hivi? Wanamtazama bibi kizee asiye na watoto wa kumtetea. Wanamtazama mtoto yatima anayelala peke yake.

Hapo ndipo swali letu linapokuwa la uzima na mauti. Katiba ya nchi yetu, iliyotangazwa mwaka 2006, katika fungu la 41 inakataza kuwashtaki watoto kwa uchawi, nayo inasema kwamba kosa hilo huadhibiwa na sheria. Lakini sheria peke yake haifiki ndani ya moyo. Moyo unapaswa kujifunza kuuliza maswali mawili kwa zamu. La kwanza: Je, yako tuliyoweza kufanya tusiyoyafanya? Labda mtoto hakupelekwa zahanati mapema. Labda maji hayakuchemshwa. Hayo tuyatengeneze. La pili: Je, yako yasiyokuwa mkononi mwa mtu yeyote? Hayo tuyalilie pamoja, wala tusimbebeshe asiye na kosa. Msiba usio na mwenye kosa ni mzito kuubeba. Lakini kumtwika mtu asiye na hatia hakuupunguzi. Huzaa msiba wa pili, na huo wa pili unaye mwenye kosa: ni sisi.

Hali kadhalika wako wauzao hirizi na dawa za bahati. Wao humfanyia mtu kama ile kulabu: humpa nne katika mia na kumnyang'anya muda wake, fedha zake na imani yake kwa jirani. Na wako wanaoshinda mchezo wa fedha mara moja, wakadhani wamekuwa mafundi, wakarudi na karo ya watoto. Bahati ya jana haijui jambo lolote juu ya kesho.

Je, mkristu aseme basi kwamba mambo mengine hayana mwongozi? Hapana. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alitoa mfano wa watumishi wawili. Bwana wao aliwatuma mahali pamoja, kila mmoja bila kumjua mwenzake. Walipokutana njiani, kwao yalikuwa mambo ya bahati. Kwa bwana wao hayakuwa bahati. Hivyo ndivyo tulivyo mbele ya Maongozi ya Mungu. Lakini tuangalie: watumishi wale hawakujua nia ya bwana wao. Nasi hatujui. Kwa hiyo anayefaulu asiseme: Mungu ananipenda kuliko wewe, wala anayepatwa na msiba asiambiwe: Mungu amekukataa. Mtumishi hakupewa kuamua atakutana na nani. Alipewa njia ya kutembea, na atakayeulizwa juu ya mwendo wake ni yeye.

VII. NENO LA MWISHO

Turudi kwa vijana wetu pale njia panda. Ni nani aliyesema kweli? Kila mmoja alishika nusu ya kweli akaifanya silaha. Wa kwanza alikuwa na ustadi, lakini zimwi kupita kushoto hakukuwa kazi yake. Ashukuru, asijisifu kwa hilo. Wa pili alikosa bahati, lakini ajiulize pia kama hakuwasha taa palipopasa giza, kama hakukimbia palipopasa kutulia. Asiifanye bahati kuwa blanketi la kufunikia uvivu wake.

Kama wangalijua hayo, wangaliongea namna nyingine. Wa kwanza angalisema: "Njoo kesho nikuonyeshe mahali pa kujificha, lakini kweli, leo lingeweza kunikamata mimi." Wa pili angalisema: "Ulitembea vizuri, nilikuona. Nifundishe." Wangaliagana vema, na hofu ya usiku ule ingaliwaacha na urafiki mkubwa zaidi.

Mchezo una kiasi chake. Asiuchezee mtu kazi yake, usingizi wake wala masomo yake. Lakini aliyeucheza kwa kiasi, akajifunza kutunza risasi, kumngoja mwenzake na kutomcheka aliyekamatwa, hakuondoka mikono mitupu.

Maswali ya kujiuliza nyumbani:

1. Katika mema niliyoyapata mwaka huu, ni lipi lililo kazi yangu, na ni lipi nililopewa tu?

2. Je, liko kosa langu ambalo sijaliungama kwa sababu tu halikuleta madhara?

3. Je, yuko mtu niliyemlaumu kwa msiba ambao hakuna mtu aliyeweza kuuzuia? Nitakwenda lini kwake, nimwambie neno gani?